Namna ya Kuipima Albamu ya Jukwaani ya Bendi Kongwe ya Roki

Shabiki aliyeizoea bendi huwa na tatizo moja anapoisikiliza albamu iliyorekodiwa jukwaani: nyimbo zote zimo kichwani mwake tayari, na masikio yake hukimbilia kulinganisha badala ya kusikiliza. Kila palipo tofauti na rekodi ya studio hupaona pana kasoro, au hushangilia pamoja na umati kwa sababu tu wimbo aupendao umeanza. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine: wanamuziki hawa walifanya jambo gani usiku ule ambalo studio isingewapa nafasi ya kulifanya, na je, walilifanya huku wakisikilizana?

Anza kwa kuijua historia ya rekodi yenyewe. Live at Leeds, albamu ya bendi ya The Who, ilirekodiwa tarehe 14 Februari 1970 katika ukumbi wa chakula wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na santuri iliyotoka mwaka huohuo ilikuwa na nyimbo sita tu. Toleo la mwaka 1995 lilifikisha nyimbo 14, na la mwaka 2001 likaongeza pia mfululizo wa nyimbo za Tommy, opera ya roki ya bendi hiyo, uliopigwa usiku huo. Mashabiki wawili wanaobishana kuhusu albamu hiyo huenda wanabishana kuhusu vitu viwili tofauti, mmoja akiwa na santuri fupi yenye makali na mwingine akiwa na onyesho refu lenye kupanda na kushuka. Made in Japan ya Deep Purple, kwa upande wake, ilichaguliwa kutoka katika maonyesho matatu ya Agosti 1972, mawili ya Osaka na moja la Tokyo, na How the West Was Won ya Led Zeppelin, iliyotoka mwaka 2003, iliunganishwa kutoka katika maonyesho mawili ya California ya Juni 1972. Usiku mmoja unaweza kuupima kama safari, ukifuatilia jinsi mwimbaji anavyochoka na kasi inavyoongezeka. Rekodi iliyounganishwa hukuonyesha zaidi jicho la aliyechagua vipande, hivyo usiisifie stamina ambayo huenda haikuwepo.

Baada ya hapo sikiliza albamu nzima mara moja bila kuruka wimbo, kwa sauti ya kutosha kuisikia besi. Usiandike chochote katika usikilizaji huo wa kwanza.

Mara ya pili, acha gitaa la solo, yaani linaloongoza peke yake mbele ya vyombo vingine, na mwimbaji, ufuate besi na dramu peke yake. Hapa ndipo bendi hujulikana, kwa kuwa solo humvutia kila mtu na huficha mengi. The Who walikuwa na gitaa moja tu; Pete Townshend alipoacha kupiga mapigo ya msingi ili acheze solo, hapakuwa na gitaa la pili la kumshikia nafasi, na John Entwistle alilijaza pengo hilo kwa besi inayotembea kama gitaa lingine, huku Keith Moon akipiga dramu kwa kumjibu mwimbaji zaidi ya kuhesabu mapigo. Ikiwa kifaa chako kinaruhusu kupunguza spika ya upande mmoja, fanya hivyo kwa zamu, maana katika rekodi nyingi za wakati ule vyombo viligawanywa kushoto na kulia, na jambo ambalo lilikuwa limefunikwa kwa miaka mingi hufunguka kwa dakika moja.

Nyimbo zilizorefushwa zinahitaji subira na daftari. Whipping Post ya The Allman Brothers Band ina dakika tano na ushee katika rekodi ya studio ya mwaka 1969, ilhali katika At Fillmore East, iliyorekodiwa New York mwezi Machi 1971, inafika dakika 23. Urefu peke yake si sifa. Kila baada ya dakika mbili andika kilichobadilika: nani anaongoza, sauti imepanda au imeshuka, mapigo yameendelea au yamevunjwa. Ukikuta kurasa zimejaa mambo mapya, wimbo umeustahili muda wake. Ukiandika jambo lilelile mara tatu mfululizo, bendi ilikuwa inasubiri wazo. Katika Whipping Post, sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ambapo vyombo vinashuka hadi karibu kunyamaza, na wanamuziki sita wanangojana bila yeyote kuharakisha. Kwangu mimi utulivu wa namna hiyo mbele ya umati ni ushahidi mkubwa wa ustadi kuliko solo yoyote ya kasi.

Kuna suala la marekebisho ya studio, nalo huwagawa mashabiki kwa ukali. Mtayarishaji wa Live and Dangerous ya Thin Lizzy, Tony Visconti, alisema kuwa sehemu kubwa ya albamu hiyo ya mwaka 1978 ilirekodiwa upya studio, na wanabendi wakapinga. Shabiki makini hapaswi kuitupa albamu kwa sababu hiyo, wala kujifanya hajasikia. Sikiliza kama sauti ya mwimbaji ina mwangwi uleule wa ukumbi ulio kwenye dramu, kama sauti za waitikiaji zimenyooka mno kuliko inavyowezekana jukwaani, na kama kelele za watu huzuka ghafla katikati ya nyimbo na kutoweka. Kisha uliza kilichorekebishwa kilikuwa nini. Kufuta noti moja iliyoteleza ni jambo dogo. Kuimba upya albamu nzima kunabadilisha aina ya kazi unayoihukumu.

Umati nao ni chombo, ukirekodiwa vizuri. I Want You to Want Me ya Cheap Trick haikushika chati za Marekani ilipotoka katika rekodi ya studio, lakini toleo lililorekodiwa Japani mwaka 1978 liliingia katika kumi bora mwaka uliofuata, na sehemu ya nguvu yake ni wasikilizaji wanaomjibu mwimbaji palepale panapotakiwa jibu.

Makosa yaangalie kwa haki. Noti iliyokosewa mtu alipokuwa anajaribu njia mpya haifanani na mapigo yaliyolegea kwa uvivu, na mwimbaji anayeikwepa sauti ya juu kwa kubuni mstari mwingine mzuri amefanya kazi yake. Ian Gillan, mwimbaji wa Deep Purple, katika wimbo Child in Time wa Made in Japan, haikwepi. Anapanda hatua kwa hatua kutoka sauti ya chini kabisa, na mpiga dramu Ian Paice anampa nafasi kwa kuipunguza dramu.

Ukifika wakati wa kuandika hukumu yako, taja kwanza toleo ulilolisikiliza, kisha dakika mbili au tatu mahususi zinazobeba hoja yako, ili msomaji aweze kuzifungua na kuzisikiliza mwenyewe.