Somo: Kuifanya Toyota 86 ikate kona kwanza, nguvu zifuate

Gari la somo hili ni Toyota 86 ya kizazi cha kwanza, iliyotoka mwaka 2012 pamoja na pacha wake Subaru BRZ. Injini ni boksa (pistoni zake zimelala zikitazamana) ya lita 2.0, nguvu za farasi 200 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, uzito wa gari takribani kilo 1,240, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Nimelichagua kwa sababu ndilo ninalolijua kwa mikono yangu. Mwenye gari jingine la michezo lenye injini mbele anaweza kufuata mpangilio huuhuu, abadilishe vipimo tu.

Mpangilio ni huu: matairi, breki, alaimenti (jinsi magurudumu yanavyolala na kuelekea), springi na shokamzoba, stabilaiza (ufito unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale sana kwenye kona), halafu injini. Najua wengi wanataka kuanzia mwisho. Lakini ukiongeza farasi kwenye gari ambalo matairi yake yameshafika kikomo, farasi hao wataishia kuchoma raba na kutupa mkia nje. Gari linaloshika barabara vizuri kwa farasi 200 litakuwa na kasi kwenye saketi, yaani njia ya mashindano, kuliko lile la farasi 240 linaloelea.

Kabla ya kununua chochote, lipandishe gari kwenye stendi ukague bushi zote, bolijointi, beringi za magurudumu na kama kuna oili inayovuja. Bushi iliyochoka itakudanganya: utabadilisha springi ukidhani tatizo ni springi. Kama gari ni la miaka ya mwanzo, ulizia pia kama lilishughulikiwa kwenye mwito wa mwishoni mwa mwaka 2018, ambapo watengenezaji waliyaita magari yabadilishwe springi za valvu. Kazi ile inahitaji kufungua injini, kwa hiyo uliza nani aliifanya na baada yake injini imetembea kilomita ngapi.

Chukua na daftari. Badilisha kitu kimoja, endesha saketi ileile, andika muda, upepo wa matairi na ulichokisikia kwenye usukani, ndipo uende kwenye kitu kinachofuata. Majaribio yote yafanyike kwenye uwanja uliofungwa. Barabara ya watu wote haina nafasi ya kukosea.

Hatua ya kwanza: matairi

86 nyingi zilitoka kiwandani na matairi ya 215/45R17 ya Michelin Primacy HP, aina iliyofungwa hata kwenye baadhi ya Prius. Ni tairi la starehe. Toyota walilichagua makusudi ili gari liteleze kwa mwendo mdogo na dereva afurahi. Kama lengo lako ni muda, tairi la michezo lenye raba laini litakupa zaidi ya kitu kingine chochote kwenye somo hili, na halihitaji fundi bingwa.

Ukitaka upana, 225/45R17 linakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 7.5 au 8. Kipenyo chake ni kikubwa kwa asilimia 1.4 kuliko la kiwandani, kwa hiyo spidomita itasoma chini kidogo tu. Nati zikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) hadi nyutoni-mita 120, kwa mpangilio wa nyota, na urudie baada ya kilomita 50 hivi.

Upepo upimwe tairi likiwa limeshapata moto. Hewa iliyo ndani ikipanda joto kwa digrii 10, upepo unapanda karibu PSI 1.7, kwa hiyo kipimo cha asubuhi hakikuambii tairi lina hali gani baada ya mizunguko mitano ya saketi. Mimi napima ndani ya dakika moja ya kusimama, kisha natoa au naongeza hadi yote manne yafike ninapotaka yakiwa ya moto.

Hatua ya pili: breki

Diski kubwa za kupendeza ziache kwa sasa. Badilisha pedi na mafuta ya breki, basi. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Hiyo namba ya pili ndiyo ya kuiangalia, kwa sababu mafuta hunyonya unyevu yakiwa ndani ya gari. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi chini huku gari likiendelea kwenda. DOT 5 ni ya silikoni. Usiichanganye na hizo nyingine hata tone.

Pedi mpya zizoeshe: toka kilomita 100 kwa saa hadi 20, mara nane au kumi, bila kusimama kabisa. Baada ya hapo tembea taratibu zipoe, na usikanyage breki gari likiwa limesimama na diski bado za moto.

Hatua ya tatu: alaimenti

Magurudumu ya mbele ya 86 hutoka kiwandani yakiwa yamesimama karibu wima, wakati ya nyuma yameshalalia ndani zaidi ya digrii moja. Ndiyo maana ukiingia kona kwa kasi pua inakataa kugeuka na bega la nje la tairi la mbele linaisha kabla ya mengine. Bolti maalumu za kemba (kulala kwa gurudumu kwa ndani au nje) zinazoingia pale shokamzoba inapokutana na mkono wa gurudumu zitakuwezesha kuyalaza ya mbele digrii 1.5. Kwa gari la kutembelea na kukimbilia saketi mara mojamoja, napenda digrii 1.5 hadi 2 mbele, matairi ya mbele yaelekee sawa kabisa, na ya nyuma yaangaliane kidogo sana kwa mbele ili mkia utulie.

Mwambie fundi wa alaimenti aweke uzito wako kwenye kiti cha dereva, hata kwa mifuko ya mchanga. Bila hivyo vipimo ni vya gari lisilo na mtu.

Hatua ya nne: springi na shokamzoba

Hapa nilikosea mwenyewe. Nilinunua springi fupi zilizoshusha gari karibu milimita 45, nikazifunga kwenye shokamzoba za kiwandani. Gari likawa zuri kulitazama. Wiki ya pili, kwenye kona ndefu ya kushoto yenye kibonde katikati, upande wa mbele kulia ulizama, usukani ukawa mwepesi ghafla, gari likahamia nje nusu ya upana wa njia. Nilipotoa tairi na kuinua kava ya vumbi, stopa ya raba, ile inayozuia shokamzoba isigonge mwisho wake, ilikuwa imepasuka vipande viwili, na ufito wa shokamzoba umejaa unga mweusi wa raba. Gari lilikuwa limekalia stopa tangu siku ya kwanza. Kibonde kilipokuja springi haikuwa na pa kwenda, uzito wote ukaliangukia tairi moja kwa mpigo, likaachia.

Kuna jambo jingine sikulijua wakati ule. Mbele ya 86 ni shokamzoba za aina ya McPherson. Ukishusha gari sana, mkono wa chini unaanza kupanda kuelekea kwenye gurudumu badala ya kulala sawa, na kitovu ambacho bodi inajiviringisha kukizunguka kinashuka haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Matokeo yake gari fupi linalala zaidi kwenye kona kuliko lilipokuwa refu. Kwa hiyo shusha milimita 20 hadi 25, usizidi, na springi zinunuliwe pamoja na shokamzoba zilizopangwa kwa ugumu wake.

Kubana springi tumia kifaa kizima, ndoano zikae pande mbili zinazotazamana, na usiweke uso juu ya springi iliyobanwa. Halafu hili husahauliwa hata na mafundi wazuri: bolti za bushi usizikaze gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Zishike kwa mkono, teremsha gari likalie magurudumu yake, ndipo ukaze. Ukikaza juu, bushi inajikunja gari linapotua, na itachanika mapema.

Mwisho, funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye ufito wa shokamzoba, ibane ishike bila kukwama, isukume hadi chini kabisa. Endesha. Ukirudi itakuwa imesogea na kubaki mahali shokamzoba ilipoishia kuzama. Kifaa hiki kidogo kimenifundisha kuliko maneno ya wauzaji wote wa springi.

Hatua ya tano: stabilaiza

Nenda polepole. Ugumu wa stabilaiza ngumu isiyo na uwazi ndani unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo kutoka milimita 18 kwenda 20 tu umeongeza asilimia 52. Ukikaza ya mbele pua itazidi kukataa kugeuka; ukikaza ya nyuma mkia utakuwa mwepesi kutoka. Mara nyingi, kemba ya mbele ikishakaa sawa, gari hili halihitaji kuguswa stabilaiza hata kidogo.

Hatua ya sita: injini

Kila aliyeendesha 86 analijua lile shimo. Unakanyaga, gari linavuta, halafu kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 linakuwa kama limepumua, kisha linaamka tena. Hapo ndipo dereva wa kila siku anapoishi, kwa hiyo hapo ndipo pa kuweka fedha zako. Nguvu inayopatikana kwa kilowati ni toki (nguvu ya kuzungusha ya injini, kwa nyutoni-mita) mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549. Ukiinua toki kutoka 175 hadi 195 kwenye mizunguko 4,000, umetoka kilowati 73 hadi karibu 82 bila kugusa kilele.

Dawa ni manifoldi ya egzosi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini) iliyopangwa urefu wake vizuri, pamoja na kuandika upya programu ya kompyuta ya injini. Moja bila nyingine ni nusu ya kazi. Tahadhari: manifoldi ya kiwandani ya 86 imebeba katalisti ya kwanza, kisafisha moshi, ndani yake. Nunua yenye katalisti, na ujue sheria ya kwako inasemaje kabla ya kufungua bolti ya kwanza. Anayeandika programu apime mchanganyiko wa hewa na mafuta na asikilize kama injini inagonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda), gari likiwa kwenye mashine ya kupimia nguvu. Programu iliyotumwa tu kwenye simu bila kupimwa siipendekezi kwa mtu yeyote.

Kwa saketi, ongeza kipoza oili chenye themostati. Oili ya injini hii hupanda joto haraka, na ikishavuka nyuzi 120 mimi hupunguza mwendo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, springi za kiwandani nikizikata mzunguko mmoja kwa grenda si nitapata kushuka bure?
Jibu: Usifanye hivyo, ndugu yangu. Springi ikipungua mizunguko inakuwa ngumu kwa kiasi usichokipanga, ncha iliyokatwa haikai kwenye kikalio chake, na gurudumu likining'inia springi inaweza kuchomoka mahali pake. Joto la grenda nalo linaharibu ugumu wa chuma pale ulipokata.

Swali: Rimu za inchi 18 je?
Jibu: Kama ni nyepesi kuliko za 17 ulizonazo, sawa. Zipime kwenye mizani kabla ya kulipa. Nyingi ni nzito zaidi, na gari litapoteza wepesi wa kupita kwenye mashimo na wa kuondoka.

Swali: Kaka, mimi gari langu ni la magurudumu ya mbele. Nikiingia kona linakwenda moja kwa moja, na nikikanyaga mafuta ndiyo linazidi. Nifuate hatua hizihizi?
Jibu: Ndiyo dada, ila kwako hatua ya tano ina uzito zaidi. Anza na matairi na kemba ya mbele. Kama bado, stabilaiza ya nyuma iliyo ngumu kidogo itasaidia pua igeuke. Ijaribu kwanza uwanjani kwa kuachia mafuta katikati ya kona, kwa mwendo mdogo, ujue mkia utafanya nini kabla haujakushtukiza.

Swali: Ndoto yangu ni turbo. Kuna ubaya gani kuanza nayo moja kwa moja?
Jibu: Injini hii ina mgandamizo wa 12.5 kwa 1, mkubwa sana kwa turbo. Ukiisukumia hewa nyingi itagonga, na fito za pistoni hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Watu wanafanya na zinadumu, lakini kwa shinikizo dogo, petroli ya okteni ya juu, kipoza oili, klachi imara na programu iliyopimwa. Ukihesabu vyote hivyo utaona turbo yenyewe ni sehemu tu ya gharama.

Swali: Nimefunga kamba ya plastiki kama ulivyoelekeza. Imeishia milimita 4 kabla ya stopa. Nipo salama?
Jibu: Ulikuwa peke yako garini? Kama ndivyo, weka abiria na tangi lililojaa, pita njia ileile, upime tena. Kugusa stopa polepole si tatizo, imewekwa kwa kazi hiyo. Angalia kama kamba imebanwa kabisa juu, na kama raba ina alama ya kugongwa. Ukikuta hivyo, pandisha gari milimita 10 kwanza, springi ngumu zaidi zitafuata baadaye kama bado zitahitajika.