Muhula mmoja Ujerumani: namna ya kwenda, kusoma na kurudi na alama zako

Mwanafunzi anayepelekwa na chuo chake, kwa makubaliano ya kubadilishana wanafunzi, katika chuo kikuu cha umma cha Ujerumani halipi ada ya masomo kule. Kinachowaangusha wengi ni makaratasi, kwa sababu kila moja limeshikana na jingine. Bila bima chuo hakikuandikishi, bila makazi manispaa haikusajili, na bila hati ya manispaa benki nyingi hazikufungulii akaunti. Ukivuruga mpangilio, wiki sita za kwanza zinaisha kwenye foleni huku wenzako wakiwa darasani.

Mfano wetu ni Chuo Kikuu cha Hamburg. Kilianzishwa mwaka 1919, kina wanafunzi zaidi ya 40,000 na kinafundisha Kiswahili, na jiji lenyewe ni ndugu wa Dar es Salaam tangu 2010. Mambo mengi hapa ni yale yale München, Köln au Leipzig.

Anza na krediti, viza baadaye

Muhula wa baridi huanza tarehe 1 Oktoba na kuisha 31 Machi, ingawa mihadhara hufanyika katikati ya Oktoba hadi Februari. Wa kiangazi ni 1 Aprili hadi 30 Septemba. Chuo chako ndicho kinachokupendekeza kule, kwa hiyo ofisi ya uhusiano wa kimataifa iwe na jina lako miezi sita au saba kabla ya safari.

Hati muhimu kuliko zote ni mkataba wa masomo, ule unaosainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo mwenyeji. Muhula kamili Ulaya ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya. Tanzania, kwa mfumo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, mwaka una krediti 120, yaani 60 kwa muhula. Hivyo ECTS moja ni sawa na krediti mbili za nyumbani, na kozi ya krediti 12 inahitaji moduli ya ECTS 6. Mkuu wa idara akuandikie kwa maandishi moduli ipi inachukua nafasi ya kozi ipi. Ahadi ya mdomo kwenye korido haina nguvu mbele ya bodi ya mitihani.

Orodha ya kozi za muhula ujao huchelewa kutoka, kwa hiyo utachagua ukiangalia ya mwaka uliopita, na kozi mbili tatu zitakuwa zimeondolewa ukifika. Idhinisha kozi tatu za akiba kabla ya kuondoka. Tazama pia kama moduli inatolewa alama. Nyingine huishia na neno *bestanden*, yaani umefaulu, bila namba yoyote, na chuo kinachokokotoa GPA kinaweza kuikataa.

Hakikisha chuo chako kimekuandika kama mwanafunzi aliye kwenye mabadilishano. Ukiandikwa umeahirisha masomo, mkopo wa bodi ya mikopo unaweza kusimamishwa na bumu lisionekane muhula mzima.

Fedha, bima na viza

Ubalozi unataka uthibitisho kwamba utajikimu. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni Euro 992 kwa mwezi. Angalia kilichopo siku unayoomba. Unaweza kuthibitisha kwa barua ya ufadhili inayotaja kiasi na idadi ya miezi, au kwa akaunti iliyofungwa, *Sperrkonto*, inayotoa fungu kila mwezi. Ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ukiwa chini ya kiwango hicho, unaweza kudaiwa kuonyesha nyongeza, kwa hiyo uiandae kabla hujaulizwa.

Viza unayohitaji ni ya kitaifa, aina D, na ada yake ni Euro 75. Usiombe ya Schengen ya siku 90, kwa sababu haigeuzwi kuwa kibali cha kukaa ukishafika, na wapo waliolazimika kurudi nyumbani kuanza upya. Anza miezi mitatu kabla. Katika barua ya maombi taja tarehe unazotaka viza ianze na kuisha, kuanzia mwisho wa Septemba hadi baada ya 31 Machi. Ubalozi ukikupa muda wote huo, unaepuka ofisi ya uhamiaji ya Ujerumani, ambako miadi hupatikana kwa shida.

Kwa aliye chini ya miaka 30, bima ya umma ya mwanafunzi hugharimu takriban Euro 140 hadi 150 kwa mwezi. Iombe mtandaoni ukiwa nyumbani. Kampuni ya bima yenyewe ndiyo inayopeleka taarifa chuoni kwa njia ya kielektroniki, na bila taarifa hiyo huandikishwi hata ukienda na mkataba wa bima mkononi. Bima hii kwa kawaida huanza kazi tarehe 1 Oktoba. Ukifika mapema, nunua bima ya safari ya kuziba siku hizo. Aliyepita miaka 30 atafute ya binafsi, asome vizuri isichogharimia.

Mwezi wa kwanza unakula fedha: kodi, dhamana ya chumba, bima, na mchango wa muhula ambao, kutegemea chuo, huwa Euro 100 hadi 400, mara nyingi ukiwa na tiketi ya usafiri ndani yake. Malipo ya kwanza ya ufadhili nayo mara nyingi huja baada ya kuwasili. Uwe na Euro 1,500 hadi 1,800 unazoweza kuzifikia siku ya kwanza.

Chumba

Omba hosteli ya shirika la huduma za wanafunzi, *Studierendenwerk*, siku hiyo hiyo unapopata barua ya kudahiliwa. Hamburg na München ni miji yenye uhaba mkubwa wa vyumba. Usitume dhamana kwa mtu anayesema yuko nje ya nchi na funguo atakutumia kwa posta. Huo ni utapeli, kila mara.

Chumba cha hosteli kina kitanda, meza na kabati. Shuka, mto na sufuria ni vyako, na Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, kwa hiyo ukifika Jumamosi usiku utalala bila shuka. Koti la baridi la mitumba la Karume au Gikomba linatosha kabisa, mradi lisipitishe upepo na maji: Hamburg ina mvua na upepo kuliko theluji, na Desemba jua linazama mnamo saa kumi jioni.

Wiki mbili za kwanza

Sheria inakupa wiki mbili tangu kuhamia kujisajili manispaa, *Anmeldung*. Beba pasipoti, fomu, na hati ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia, *Wohnungsgeberbestätigung*. Mkataba wa kupanga hautoshi. Miadi ikiwa imejaa, chukua ya tarehe ya baadaye na uhifadhi uthibitisho kwamba uliomba kwa wakati.

Kisha fanya jambo dogo ambalo wageni hawaambiwi: bandika jina lako kwenye sanduku la barua, liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Kadi ya benki, namba ya siri, kadi ya bima na barua za chuo vyote huja kwa posta, na mpeleka barua asipoona jina huzirudisha. Kama unatumia majina matatu, weka yote.

Utaletewa pia barua ya mchango wa redio na televisheni, *Rundfunkbeitrag*, Euro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi. Hata usipokuwa na televisheni unadaiwa. Mkiwa mnaishi nyumba ya pamoja, mmoja analipa na wengine wanatuma namba yake ya malipo. Ukiitupa, deni linaongezeka na faini.

Darasani

Ratiba ikisema 10–12 c.t., somo linaanza saa nne na robo asubuhi na kwisha saa sita kasoro robo. Ikiandikwa s.t., ni saa nne kamili. Mhadhara una mtihani mwishoni. Semina ina idadi ndogo ya watu na inadai uwasilishe mada, kisha uandike kazi ya kurasa 10 hadi 15. Kozi zenye nafasi chache hujaa mtandaoni (Hamburg mfumo unaitwa STiNE) kabla mihadhara haijaanza. Ukikosa nafasi, nenda kipindi cha kwanza umweleze mwalimu kwamba wewe ni mwanafunzi wa mabadilishano. Mara nyingi anakukubali.

Hapa ndipo mihula mingi inapotea: katika vyuo vingi vya Ujerumani kujisajili kozi si kujisajili mtihani. Mtihani una dirisha lake, mara nyingi Desemba au Januari, na hakuna atakayekukumbusha. Usipojisajili hufanyi mtihani, au unafanya na hausahihishwi. Wiki ya kwanza muulize mratibu wa idara: dirisha linafunguliwa lini, na wanafunzi wa mabadilishano wanajisajili mtandaoni au kwa fomu?

Mitihani mingi ni Februari, na ya marudio, ile sapu, huangukia hata mwisho wa Machi. Usikate tiketi ya kurudi kabla ya kujua tarehe. Muhula wa pili nyumbani ukianza Machi, elewana na idara mapema, na barua ya kuchelewa uipate kabla ya kuondoka. Kwa kazi za semina, ambazo wengi huziwasilisha 31 Machi, mwombe mwalimu tarehe ya mapema. Asipozipata mapema, alama zinaweza kuchukua miezi.

Alama zenyewe zinakwenda kinyume na zetu. 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Chuo chenye GPA inayoishia 5.0 kinaweza kuziingiza kichwa chini miguu juu, kwa hiyo ambatanisha jedwali rasmi la chuo mwenyeji.

Kabla ya kupanda ndege

Jiondoe manispaa, *Abmeldung*. Inawezekana kuanzia wiki moja kabla ya kuondoka. Nakala ya hati hiyo ndiyo unayoitumia kusitisha bima na mchango wa redio. Taarifa ya kuacha chumba hutolewa mapema kwa maandishi, kwa muda uliotajwa kwenye mkataba. Soma kifungu hicho siku unaposaini. Dhamana hurudi wiki kadhaa baada ya chumba kukaguliwa, kwa hiyo akaunti ya benki isifungwe kwanza. Ofisi ya mabadilishano ikusainie uthibitisho wa tarehe za kukaa, maana wafadhili huhesabu siku kwa hati hiyo, na uiandikie ofisi hiyo anwani ya barua pepe ambayo transkripti itumwe moja kwa moja kwa chuo chako, nakala kwako.