Jinsi ya kusoma ubishi wa wanahistoria kuhusu watumishi wa mkataba Marekani

Wanahistoria wanabishana kama utumishi wa mkataba ulikuwa soko la kazi tu au ukandamizaji. Usianze kwa kuuliza nani yuko sahihi, anza na mkataba wenyewe. Ni karne ya 17, mtu hana nauli ya meli kutoka Uingereza, anasaini kutumikia miaka 4 mpaka 7 hivi, akifika Virginia au Maryland, makoloni ya Waingereza huko Marekani, mkataba wake unauzwa kwa mwenye shamba la tumbaku.

Alafu angalia kila mwanahistoria anatazama nini. David Galenson anaona soko, kijana anakopa nauli analipa kwa kazi, na hoja yake ina uzito maana wenye ujuzi walipata muda mfupi kuliko watoto. Edmund Morgan anaangalia zaidi nani ana nguvu: watumishi walichapwa, waliuzwa kama mali, wengi walikufa kabla muda haujaisha, na anaunganisha uasi wa Bacon wa 1676 (watu wa Virginia, wakiwemo watumishi, waliinuka dhidi ya gavana wakiongozwa na Nathaniel Bacon) na mabwana kuhamia kwenye utumwa wa Waafrika. Mi naona usome wote wawili, mmoja hatoshi.

Ila kuna wanaosema "hata wazungu walikuwa watumwa", hapo uwe makini sana, fungua kesi ya John Punch ya 1640: watumishi watatu walitoroka pamoja wakakamatwa, wawili wa Ulaya wakaongezewa miaka, Punch aliyekuwa Mwafrika akahukumiwa kutumikia mpaka kufa. Kosa lilelile kabisa! Kisha soma sheria ya Virginia ya 1662, mtoto wa mama mtumwa naye anazaliwa mtumwa, kitu ambacho hakuna mkataba uliwahi kufanya.