Namna ya kulinda haki za binadamu katika rasimu ya katiba: hatua kwa hatua

Nikipewa rasimu ya katiba niikague, sifungui kwanza sura ya haki. Naanza na masharti ya mpito huko mwishoni, yanayosema namna ya kuhama kutoka katiba ya zamani kwenda mpya, narudi kwenye ibara ya marekebisho, halafu hali ya hatari, halafu mamlaka ya mahakama. Orodha ya haki naifikia nikiwa tayari najua kama ina meno. Sura za haki za nchi nyingi zinafanana kama mapacha, na hata tawala katili zimewahi kuwa na orodha nzuri. Ulinzi wenyewe umewekwa, au umeondolewa, katika ibara nyingine.

Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mfuatano wa kuandika. Mkaguzi anaweza kuzifuata kinyumenyume.

Hatua ya 1: Chora jedwali kabla ya kuandika lolote

Safu ya kwanza: kila haki iliyomo katika katiba inayotumika sasa. Safu ya pili: kila haki iliyomo katika mikataba ambayo nchi imeridhia, kuanzia ile miwili ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1966 (wa haki za kiraia na kisiasa, na wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni), kisha ya wanawake (1979), ya watoto (1989) na ya watu wenye ulemavu (2006). Nchi ya Afrika iongeze Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981. Angalia pia ibara ambazo nchi ilizikataa wakati wa kuridhia, maana wajumbe huzisahau. Safu ya tatu iache wazi kwa ajili ya rasimu, na uijaze upya kila toleo jipya linapotoka.

Kazi ya jedwali ni moja: haki ikipungua, ionekane. Haki haifutwi hadharani. Huwa inapotea kati ya toleo la tatu na la nne, na ukiuliza, unaambiwa ilikuwa ni kupunguza maneno.

Hatua ya 2: Nani analindwa, nani anabanwa

Tafuta neno "raia" katika rasimu nzima. Kila unapolikuta jiulize kwa nini haikuandikwa "kila mtu". Kupiga kura, kugombea na kupata pasipoti ni mambo ya raia. Kutoteswa, kusikilizwa mahakamani kwa haki na kutokamatwa ovyo si ya raia peke yake. Ukiandika "kila raia ana haki ya kutoteswa", umemwacha nje mkimbizi, na umemwacha nje pia mzaliwa wa nchi ambaye hana karatasi ya kuthibitisha uraia wake.

Kisha geuza swali: sura hii inaibana Serikali tu, au na kampuni na watu binafsi? Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 na ya Kenya ya mwaka 2010 zinafika hadi kwa watu binafsi. Ukinyamaza, mahakama ndiyo itakayoamua.

Hatua ya 3: Kagua vitenzi

"Serikali itajitahidi." "Serikali itaweka mazingira wezeshi." (Sijawahi kukutana na mtu aliyeyaona hayo mazingira wezeshi.) Aliyejitahidi akashindwa hana kosa, kwa hiyo kitenzi hicho hakimpi mwananchi cha kudai. Andika "itatoa", "italazimika", "haitafanya".

Kwa haki za afya, makazi, elimu na maji utaambiwa fedha hazitoshi. Hoja hiyo ni ya kweli, na baadhi ya nchi zimeijibu kwa kuziweka ahadi hizo mahali ambapo mahakama haiwezi kuzigusa: ndivyo ilivyo Sehemu ya Nne ya Katiba ya India, na malengo ya taifa katika Katiba ya Tanzania, ambayo Ibara ya 7 inazuia mahakama kuyatolea uamuzi. Mimi napendelea njia ya Afrika Kusini: Serikali inalazimika kuchukua hatua za maana kulingana na rasilimali zilizopo. Kwa maneno hayo Mahakama ya Katiba, katika shauri la Grootboom la mwaka 2000, haikuamuru kila mtu ajengewe nyumba. Ilisema mpango wa makazi usiowajali kabisa wenye dhiki kubwa si mpango wa maana. Kenya imeongeza jambo dogo lenye uzito: Serikali ikidai haina uwezo, ni juu yake kuthibitisha.

Hatua ya 4: Mipaka ya haki

Hapa tenga muda mwingi kuliko hatua nyingine zote.

Ugonjwa wa kwanza ni mkia. "Kila mtu ana uhuru wa kutoa maoni kwa mujibu wa sheria." Inasomeka vizuri, hata kistaarabu. Maana yake ni kwamba uhuru huo una ukubwa ambao Bunge litaamua mwaka wowote litakapotaka, wakati katiba iliandikwa ili kulizuia Bunge lisifanye hivyo. Mkataba wa Afrika wenyewe una mikia ya aina hii, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu imelazimika kutamka kwamba sheria ya ndani haiwezi kukata kile ambacho Mkataba umetoa. Usiiachie mahakama ya kesho kazi ambayo wewe ungeimaliza leo kwa kufuta maneno manne.

Futa mikia yote: "kwa mujibu wa sheria", "bila kuathiri sheria nyingine", "isipokuwa kama sheria itaelekeza". Badala yake weka ibara moja ya mipaka kwa sura nzima. Mfano ninaoutumia:

"Haki iliyomo katika Sura hii haitawekewa mpaka isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge, yenye maneno bayana na inayowahusu watu wote, na kwa kiwango tu ambacho ni cha lazima katika jamii ya kidemokrasia inayoheshimu utu, usawa na uhuru. Anayetetea mpaka huo atathibitisha kwamba hakuna njia nyingine yenye madhara madogo zaidi."

Ibara ikikamilika, ijaribu. Mpe mwenzako dakika kumi atunge sheria mbaya kadiri awezavyo, kwa mfano: "Hakuna mkutano bila kibali cha mkuu wa polisi." Kisha ipitishe kwenye ibara yako. Je, ni sheria ya Bunge au ni agizo la ofisa? Lengo lake limetajwa? Kutoa taarifa tu kusingetosha badala ya kuomba kibali? Nani anathibitisha? Sheria mbaya ikipita salama, ibara yako ina tundu, rudi uizibe. Zoezi hili linanyamazisha mabishano ya kinadharia haraka kuliko hotuba yoyote.

Mwisho, zitaje haki zisizowekewa mpaka hata kidogo. Kenya ilichagua nne katika Ibara ya 25: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na haki ya kuomba mahakama iamuru mtu aliyezuiliwa afikishwe mbele yake. Orodha fupi ni nguvu. Ukiweka haki ishirini, hakuna atakayeamini kwamba unamaanisha.

Hatua ya 5: Hali ya hatari

Ibara ya 48 ya Katiba ya Weimar, katiba ya Ujerumani ya mwaka 1919, ilimruhusu Rais wa nchi hiyo kusimamisha haki za msingi kwa amri. Tarehe 28 Februari 1933 amri ikatolewa, na haikuondolewa hadi utawala wa Wanazi ulipoanguka mwaka 1945. Kwa hiyo saa ya kumalizika ianze kuhesabu siku ileile ya tangazo. Kenya imeweka siku 14. Baada ya hapo Bunge la Taifa likitaka kuongeza linahitaji theluthi mbili mara ya kwanza, na robo tatu mara zinazofuata. Kila nyongeza inakuwa ngumu kuliko iliyotangulia, na hiyo ndiyo busara yake. Andika pia kwamba mahakama inaweza kulipima tangazo lenyewe.

Hatua ya 6: Mlango wa mahakama

Tanzania iliingiza haki za binadamu katika Katiba mwaka 1984, lakini mahakama haikuweza kuzisimamia hadi mwaka 1988. Angalia tarehe ya kuanza kutumika. Halafu angalia nani anaruhusiwa kufungua shauri: aliyeumizwa peke yake, au na anayemsemea aliye kizuizini? Ada ni kiasi gani? Kwa swali hili Ibara ya 22 ya Kenya inafaa kuigwa: yeyote anaweza kwenda kwa niaba ya mwingine au kwa maslahi ya umma, hakuna ada ya kufungua, na shauri lisikwamishwe na taratibu za kiufundi bila sababu ya msingi.

Hatua ya 7: Kufuli na mpito

Sura ya haki iwe ngumu kurekebishwa kuliko sura ya nembo ya taifa. Ujerumani, baada ya yaliyoikuta, iliweka mwaka 1949 kwamba misingi ya utu haiguswi na marekebisho yoyote. Nchi nyingine huhitaji kura ya maoni.

Sheria za zamani zitaendelea kutumika, haikwepeki, lakini andika kwamba zitasomwa kwa namna inayolingana na katiba mpya kuanzia siku ya kwanza. La sivyo sheria ya kikoloni ya uchochezi itaishi miaka ikisubiri kurekebishwa.

Usiku wa mwisho, hesabu namba. Niliwahi kuona rasimu ambayo ibara moja iliongezwa jioni, namba zote zikasogea, na ibara ya haki zisizowekewa mpaka ikawa inaelekeza kwenye haki ya kupata taarifa badala ya haki ya kutoteswa. Ilikuwa imebaki saa moja kabla ya kupelekwa kuchapwa. Tangu hapo siandiki "Ibara ya 29" peke yake katika rasimu. Naandika namba na jina la ibara, na majina nayaondoa baada ya mtu wa pili, ambaye hakuandika, kukagua rejeo moja baada ya jingine.