Namna ya kuuza vitabu vya nyumbani mtandaoni bila nauli kumeza mauzo

Anayetaka kuuza kwa simu vitabu alivyokwisha kuvisoma hukutana mapema na hesabu isiyo na ubishi: riwaya moja iliyotumika inaweza kupata mnunuzi kwa shilingi 6,000, na bodaboda wa kuipeleka kutoka Tabata hadi Mbezi Beach, jijini Dar es Salaam, akataka kiasi hicho hicho. Mnunuzi anajumlisha, anaona shilingi 12,000, anakumbuka kwamba kitabu kipya cha aina hiyo dukani hakizidi sana hapo, kisha anakaa kimya. Wauzaji wapya wengi huuchukulia ukimya huo kuwa dalili kwamba watu hawasomi. Mara nyingi kilichomkimbiza mteja ni nauli, na ndiyo maana maelezo haya yanaanza na upangaji wa mafungu kabla ya kufika kwenye bei.

Kuchambua kabati

Toa vitabu vyote kabatini, kisha anza kwa kutenga vile ambavyo huna haki ya kuviuza. Kitabu chenye muhuri wa maktaba kirudishwe, hata kama kimekaa nyumbani miaka mingi. Vitabu vya kiada vilivyogawiwa shule za umma, vyenye maandishi kwamba ni mali ya serikali na haviuzwi, navyo viwekwe kando. Vitabu vya marehemu mzazi ni sehemu ya mirathi, kwa hiyo ndugu waulizwe kabla ya picha ya kwanza kupigwa, maana kile unachokiona wewe ni makaratasi makuukuu huenda kwa shangazi ndicho chenye mwandiko wa kaka yake. Nakala zilizodurufiwa na kubanwa kwa waya, pamoja na mafaili ya PDF, zisiingie kabisa kwenye matangazo yako. Kuuza tena nakala halali uliyoinunua ni jambo moja. Kuzalisha nakala mpya na kuiuza ni jambo jingine, na kwa Tanzania jambo hilo la pili linagongana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Vilivyobaki vigawe katika marundo matatu. Rundo la kwanza ni la vitabu vinavyoweza kubeba nauli yao vyenyewe: kamusi, vitabu vya sheria, udaktari na uhasibu ambavyo havijapitwa na wakati, na vitabu vya Kiswahili ambavyo havichapwi tena. Hivi vya mwisho ndivyo watu huvitupa kwa kutojua. Shirika la uchapishaji la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, halikuendelea kwa sura yake ya awali baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na vitabu vyake vingi havikuchapwa upya na mtu yeyote. Kijitabu chembamba cha hadithi au cha historia ya kabila fulani kilichotoka huko kinaweza kuwa ndicho anachokitafuta mtafiti, mwalimu wa chuo, au mtu aliyezaliwa katika kabila hilo na anayeishi mbali na kwao.

Rundo la pili ni la mafungu. Vitabu vya watoto, riwaya za upelelezi, majarida na vitabu vya dini visiuzwe kimoja kimoja isipokuwa mnunuzi ni jirani. Fungu zuri lina shabaha: hadithi tano za mtoto anayeanza kusoma, au riwaya nne za miaka ya 1980, au vitabu vya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi. Fungu lililochanganya mapishi, fizikia na mashairi halina mteja, kwa sababu kila anayelitazama anahesabu vitabu asivyovihitaji. Bodaboda hubeba kitabu kimoja na vitabu sita kwa nauli ile ile, na hapo ndipo fungu linapomnufaisha kila upande.

Rundo la tatu ni la kugawa bure. Humo huingia vitabu vya kompyuta vya zamani na vitabu vingi vya shule. Tanzania ilianza kutumia mitaala iliyoboreshwa Januari 2024, na Kenya imekuwa ikiuacha hatua kwa hatua mfumo wa elimu wa 8-4-4, kwa hiyo kitabu cha kiada kilichotakiwa sana wakati mtoto wako wa kwanza akisoma huenda hakina kazi kwa mwanafunzi wa leo. Vitabu teule vya fasihi navyo vina msimu wake: riwaya inayotahiniwa hununuliwa kwa kugombewa, na ikiondolewa kwenye orodha hubaki na wasomaji wa kawaida tu. Ulizia orodha ya mwaka husika shuleni, na kama kitabu bado kimo, kitangaze kuanzia mwisho wa Desemba, maana shule zikifunguliwa Januari wazazi hutafuta kwa haraka na hawabishani sana.

Kukijua kitabu chako

Fungua ukurasa wa nyuma ya ule wenye jina la kitabu. Hapo huandikwa mchapishaji, mji, mwaka, toleo na mara nyingi namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Namba hiyo ilikuwa na tarakimu kumi hadi mwisho wa mwaka 2006, na tangu Januari 2007 ina tarakimu kumi na tatu zinazoanza na 978 au 979. Katika vitabu vyetu, tarakimu 9976 au 9987 huonyesha mchapishaji wa Tanzania, na 9966 huonyesha wa Kenya. Iandike namba yote kwenye tangazo, kwa sababu mnunuzi makini ataitumia kuhakikisha kwamba anapata toleo analolihitaji. Kitabu cha zamani kisicho na namba hiyo kiandikie mchapishaji, mji, mwaka na idadi ya kurasa.

Mwaka wa toleo usiufiche. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kwa mfano, ilitoka mwaka 1981, na matoleo mapya yakafuata mwaka 2004 na 2013. Mwanafunzi anataka la karibuni, ilhali msomi wa leksikografia, yaani utungaji wa kamusi, huenda anatafuta lile la kwanza. Ukiandika jina peke yake utapigiwa simu na wote wawili na kumuudhi mmoja.

Pekua kila ukurasa kabla ya kuuza. Ndani ya vitabu vya nyumbani hupatikana barua, picha za pasipoti, risiti za benki, nakala za vyeti na hata noti zilizofichwa na kusahauliwa. Maandishi ya penseli yafutwe taratibu kwa kifutio laini, lakini wino uachwe ulivyo. Jina la mwenye kitabu wa zamani si kasoro ya kuitolea jasho, na ukijaribu kulikwangua utatoboa karatasi. Saini ya mwandishi ni habari nyingine: ipige picha, na uitaje mwanzoni mwa tangazo.

Katika miji ya pwani adui mkubwa ni unyevu. Kitabu chenye ukungu kitenge na vingine, kikaushe kivulini penye upepo, kisha kipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini huku umefunika pua. Usikianike juani siku nzima, kwani jalada hupauka na gundi ya mgongo hukatika. Kama kuna wadudu wanaotoboa kurasa, kifunge kitabu vizuri kwenye nailoni na kukiweka ndani ya friza kwa wiki mbili, kisha kitoe na kukiacha ndani ya nailoni hiyo hiyo hadi kirudie joto la chumba. Kilicholiwa na mchwa hadi maneno yakapotea hakiuziki, na kukitangaza ni kupoteza muda wa watu wawili.

Bei, picha na maneno ya tangazo

Kwa kitabu kinachopatikana dukani, ulizia kwanza bei ya kipya. Nusu ya bei hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia ikiwa nakala ni safi, na theluthi ikiwa imepigiwa mistari au jalada limechakaa. Kwa kitabu kisichopatikana dukani, tafuta matangazo ya nakala nyingine, lakini ukumbuke kwamba bei inayotajwa ni matumaini ya muuzaji. Haithibitishi kwamba kuna aliyeilipa. Kisha pima uzito kwa mizani ya jikoni na ukadirie nauli ya kwenda mbali kidogo. Ikiwa nauli inazidi nusu ya bei ya kitabu, kirudishe kwenye rundo la mafungu.

Picha zipigwe mchana karibu na dirisha, bila taa ya simu, kwa kuwa majalada yenye kung'aa hurudisha mwanga na kufuta jina la kitabu. Piga jalada la mbele, la nyuma, mgongo, ukurasa wa mchapishaji, na mahali palipoharibika kuliko pote. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouza. Mnunuzi akiona mpasuko kwa macho yake huacha kuwaza mabaya zaidi, na kitabu kikimfikia hana la kulalamikia.

Maelezo nayo yawe ya mtu anayejibu maswali kabla hayajaulizwa. Tangazo linalofanya kazi husomeka hivi:

"Riwaya tatu za Kiswahili, zinauzwa kwa pamoja. Zote zimechapwa Dar es Salaam kati ya 1978 na 1985. Kurasa zote zipo. Moja ina jina la mwenyewe wa zamani kwa wino, na jalada lake limechanika juu kiasi cha sentimita mbili. Hazina ukungu wala alama za maji. Uzito wote ni gramu 620. Bei ni shilingi 18,000, na nauli ni juu ya mnunuzi. Nipo Tabata, mikoani natuma kwa basi."

Bei itajwe wazi. Desturi ya kuandika "njoo inboksi" huwachosha watu, na kwa kitu cha shilingi elfu chache hakuna atakayekuja. Hata hivyo ujumbe wa "Dada, mwisho shilingi ngapi?" utafika tu, hata bei ingeandikwa kwa herufi kubwa. Acha nafasi ndogo ya kupunguza, na ukishafika mwisho jibu kwa adabu: "Hiyo ndiyo ya mwisho, kaka, ila ukichukua na fungu la pili nitakupunguzia 3,000." Jibu la namna hiyo huongeza mauzo bila kuongeza safari.

Kuhusu mahali pa kutangaza, anza na wanaokufahamu. Stetasi ya WhatsApp hudumu saa 24 tu lakini husomwa na watu wanaokuamini tayari, na WhatsApp Business ina katalogi ambamo kila fungu hukaa na picha na bei yake. Facebook Marketplace na tovuti ya matangazo ya Jiji zinafaa kwa kamusi na vitabu vya taaluma, kwa sababu watu huingia humo wakiwa na jina la kitu wanachokitafuta. Makundi ya walimu, wanafunzi wa chuo na wazazi wa shule fulani huuza haraka kuliko yote hayo, mradi umeomba ruhusa ya msimamizi.

Malipo na usafirishaji

Ujumbe wa simu usikutoshe kuwa ushahidi wa malipo. Matapeli hutuma ujumbe uliopangwa sawasawa na ule wa kampuni ya simu, ukiwa na jina, kiasi na namba ya muamala, ila umetoka kwenye namba ya kawaida. Angalia salio lako kupitia menyu ya mtandao wako, kwa mfano *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, ndipo umkabidhi bodaboda mzigo. Anayedai kwamba amekosea akatuma zaidi na anaomba umrudishie haraka aelekezwe kwa kampuni yake ya simu, ambayo ina utaratibu wa kurejesha muamala. Namba ya siri haiombwi na mnunuzi yeyote wa kweli, na makabidhiano ya ana kwa ana yafanyike mahali penye watu.

Nguo ya kitabu safarini ni nailoni ngumu ya kufunikia madaftari, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini kitabu hakiwezi kuvuka masika kikiwa kimevikwa gazeti tu. Kizungushie nailoni hiyo, weka kadibodi pande zote mbili ili pembe zisikunjike, funga kwa karatasi ya kaki, na ubane kwa selotepu.

Kwa mikoani, basi bado ndilo lenye nauli nafuu na kasi. Andika juu ya mzigo jina na namba ya simu ya mpokeaji pamoja na kituo ambapo mzigo utateremshwa, lipa kwa wakala wa basi, dai risiti, kisha mtumie mnunuzi picha ya risiti hiyo, namba ya gari na simu ya ofisi ya basi upande wa pili. Mkubaliane mapema kwamba mzigo ukifika atakwenda kuuchukua siku hiyo hiyo. Kwa mnunuzi aliye nje ya nchi, nenda Posta na kitabu kikiwa hakijafungwa, kwa kuwa kinaweza kukaguliwa na kuna fomu ya forodha ya kujaza. Uliza gharama kwa uzito halisi kabla ya kumtajia mteja jumla, kwani kwa kitabu kizito gharama hiyo hupita bei ya kitabu chenyewe.

Kikishauzwa, ondoa tangazo au uandike "IMEUZWA" siku hiyo hiyo, na uweke kwenye daftari jina la kitabu, bei, nauli na aliyekinunua. Fungu lililokaa mwezi mzima bila kuulizwa livunje, uhamishe kitabu chake bora kwenye fungu jingine, na vilivyobaki uvipeleke kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, ambao hununua kwa jumla na kwa bei ndogo, lakini huja kuvichukua wenyewe.