Somo: Bei ya kilo yako ya mahindi, na lini uuze

Dalali akifika kijijini mwezi wa saba anakuwa na namba tatu kichwani: bei iliyofunguliwa asubuhi hiyo kwenye soko la mahindi la Kibaigwa, Dodoma, nauli ya gari, na kilo anazotegemea kuzipata juu ya gunia lako. Mkulima naye mara nyingi ana namba moja tu, ada ya shule. Somo hili ni la kukupa namba mbili zaidi: kilo moja imekugharimu kiasi gani hadi ikafika stoo, na ukiihifadhi, bei ifike wapi ndipo kungoja kuwe kumelipa. Bei zilizotumika hapa ni za mfano. Futa, weka za kwenu, hesabu haibadiliki.

Hatua ya 1: Gharama zote, hata zile ambazo hukutoa mfukoni

Tuchukue ekari moja ya Nyanda za Juu Kusini, yenye mbolea:

Kukodi shamba 60,000. Kulima kwa trekta 60,000 na kusawazisha kwa haro 40,000. Mbegu chotara kilo 10, 80,000. Mfuko mmoja wa DAP (mbolea ya kupandia) 75,000 na mmoja wa urea (ya kukuzia) 70,000. Kupanda 35,000. Palizi mbili 80,000. Dawa ya viwavijeshi vamizi 30,000. Kuvuna 40,000. Kusomba hadi nyumbani 30,000. Kupukuchua kwa mashine magunia 15 kwa 2,000, ni 30,000. Jumla 630,000.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Siku ambazo wewe, mwenzio na watoto mmefanya kazi shambani lazima zihesabiwe kwa bei ya kibarua wa kijijini. Siku 20 kwa 6,000 ni 120,000. Gharama halisi ni 750,000. Shamba likiwa lako, usifute ile 60,000 ya kukodi, maana ungelikodisha ungeipata.

Mbolea ya ruzuku iandike kwa bei uliyolipa, lakini ongeza nauli ya kwenda kuifuata. Kwa anayekaa mbali na wakala, bodaboda ya mifuko miwili huweza kula sehemu kubwa ya nafuu ya ruzuku.

Hatua ya 2: Gawanya kwa kilo, usigawanye kwa gunia

Magunia 15 ya kilo 100 ni kilo 1,500. Gawa 750,000 kwa 1,500 unapata shilingi 500 kwa kilo. Magunia uliyoweka ya kula nyumbani nayo yamo humo. Usiyatoe, nayo yamelimwa.

Sasa tazama mavuno yanavyocheza na hiyo 500. Ukipata magunia 12, gharama inapungua kidogo tu (kupukuchua), inakuwa 744,000, na kilo inapanda hadi 620. Ukipata 20, kilo inashuka hadi 380. Majirani wawili wanaweza kuuza kwa dalali mmoja kwa 550, mmoja akala faida na mwingine akala hasara, na wote wakamlaumu dalali.

Ndiyo maana kubana mbolea si njia ya kwanza ya kushusha gharama. Anza na mapengo. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, mstari wa mita 10 unapaswa kuwa na miche 33. Wiki mbili baada ya kuota, pima mita 10 sehemu tano tofauti uhesabu. Ukikuta wastani ni 24, zaidi ya robo ya shamba haina kitu, na trekta, haro na palizi umelipia ekari nzima. Sababu huwa ni kufukia mbegu kina kirefu mno, mbegu kugusana na DAP ndani ya shimo, au kupanda mvua ikiwa haijakaa. Rudishia mapema, mche uliochelewa wiki tatu hufunikwa na wenzake na hauzai kitu.

Hatua ya 3: Jua maji yaliyomo kwenye punje

Mahindi ya kuhifadhi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama hakuna mashine ya kupimia, tumia chumvi: chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, tia chumvi kavu kiasi cha robo ya chupa, ongeza punje hadi nusu, funga, tikisa vizuri dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi kama asilimia 15, rudisha mahindi juani. Chumvi isipoganda, umekaribia; ongeza siku moja au mbili za jua zuri. Kuuma punje kwa jino kunadanganya: ganda hukauka kabla ya kiini.

Kukausha kunapunguza kilo, na kilo hizo lazima uzijue kabla ya kupanga bei. Kanuni ni hii: kilo za mwanzo, zidisha kwa (100 toa unyevu wa mwanzo), gawa kwa (100 toa unyevu wa mwisho). Kilo 100 zenye unyevu wa 16, zikikaushwa hadi 13, zinabaki 96.6. Zikianzia 20, zinabaki 92 tu. Mnunuzi wa mwezi wa sita anayekubali mahindi mabichi-mabichi kwa bei ya chini kidogo huenda anakulipa vizuri kuliko unavyodhani, maana ananunua na maji.

Hatua ya 4: Bei ya kungoja

Hii ndiyo roho ya somo. Tuseme Juni bei ni 550 kwa kilo, na mahindi yana unyevu wa 16. Ukiuza leo kilo 100 unapata 55,000. Ukitaka kuweka hadi Januari, miezi saba, unaongeza:

Mfuko wa kuhifadhia usiopitisha hewa, 5,000. Ukiutunza unatumika misimu miwili, kwa hiyo 2,500. Kuanika na kupepeta, 1,000. Uzito: kutoka 100 hadi 96.6, na toa nyingine 1.1 ya punje zilizovunjika na takataka, zinabaki 95.5.

Jumla, pamoja na ile 55,000 ambayo ungeipata leo, ni 58,500. Gawa kwa 95.5, unapata kama 613. Bei ya Januari ikiwa chini ya hapo, ulikuwa unalinda panya bure.

Hiyo ni kwa mtu asiye na deni. Kama una mkopo wa kikoba wa asilimia 3 kwa mwezi ambao ungelipwa kwa fedha za Juni, miezi saba ni asilimia 21, yaani 11,550 kwa kila gunia unalolishikilia. Bei ya kungoja inaruka hadi 734 hivi. Mtu mwenye deni na mtu asiye na deni hawapaswi kufuata ushauri mmoja wa "weka usubiri bei ipande". Kwanza uza magunia ya kulipa deni lenye riba. Yanayobaki ndiyo ya kucheza nayo.

Usiweke yote kwa tarehe moja. Mikoa yenye msimu mmoja, kama Rukwa, Songwe na Ruvuma, bei kwa kawaida hupanda kuelekea Januari na Februari, kisha hulegea mahindi mabichi yakianza kuonekana. Kaskazini, mavuno ya vuli yanaweza kuingia sokoni mapema mwaka na kukata bei mapema. Gawa mafungu matatu: mavuno, Novemba, Januari. Na ikumbukwe 2017: Serikali ilifunga uuzaji wa mahindi nje ya nchi katikati ya mwaka, na waliojaza stoo wakitegemea Januari walikuta soko limelala. Hakuna mfuko unaozuia hilo.

Hatua ya 5: Kujaza mfuko

Mfuko huu una plastiki mbili ndani na kiroba nje. Wadudu wanamaliza hewa iliyomo na kufa, kwa hiyo hutii dawa. Kabla ya kujaza, ingiza upepo kwenye kila plastiki, sokota mdomo, kamua, usikilize. Tundu la sindano linatosha kuharibu kazi. Chekecha mahindi, kipande cha gunzi kinatoboa. Jaza kidogo kidogo huku ukishindilia kwa mkono ili hewa itoke, uache plastiki ya sentimita 25 hadi 30 juu. Sokota plastiki ya ndani hadi iwe ngumu kama kamba, funga, ikunje mkia chini, funga tena juu yake. Fanya hivyo hivyo ya pili, kisha kiroba. Weka juu ya chanja, mbali na ukuta, na usifungue mwezi na nusu wa kwanza.

Dumuzi, yule tunayemwita Scania, anaweza kutoboa plastiki akitokea nje. Usiweke mfuko huu pembeni ya gunia la kawaida lenye mahindi ya mwaka jana. Fagia stoo, choma takataka.

Hatua ya 6: Mzani na debe

Ukishajua bei ya kilo, uza kwa kilo. Gunia la "debe saba" ni wizi unaoonekana kama desturi. Debe la kilemba (lililorundikwa juu) la kilo 18, mara saba, ni kilo 126. Ukilipwa 60,000 kwa "gunia", umeuza kilo kwa 476 huku ukijisifu kwamba umepata 600. Debe lenyewe nalo litazame: likiwa limegongwa kwa ndani hadi ubavu umetoka tumbo, si debe tena. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imekatazwa na Sheria ya Vipimo, ila afisa vipimo hawezi kuwa kila kijiji, kwa hiyo silaha yako ni mzani.

Kupima mzani wa mnunuzi: ning'iniza mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Usome kilo 50. Ukisoma 47, kila gunia linapoteza kilo 6. Angalia pia mshale kabla ya kuning'iniza kitu. Ukianzia chini ya sifuri, simamisha kazi.

Maswali ya wanachama

*Kongwa:* Shikamoo mwalimu. Mnunuzi mmoja ana mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo, analipa 600. Mwingine hana stika, anaongeza 20 kwa kilo. Niende kwa nani?

Marahaba. Mzani wa pili ukila kilo 4 tu kwenye 100, unalipwa 96 kwa 620, yaani 59,520. Wa kwanza anakupa 60,000. Shilingi 20 ya nyongeza inafutwa na kilo tatu na ushee. Pima saruji kwanza, ndipo uchague.

*Mbozi:* Februari kuna jamaa anatoa 30,000 taslimu, nimlipe gunia moja Julai. Nina shida ya urea. Nikubali?

Gunia hilo Julai kwa 550 ni 55,000. Umekopa 30,000, umerudisha na 25,000 juu, asilimia 83 kwa miezi mitano, karibu 17 kwa mwezi. Ni kununua mazao yakiwa bado shambani, kangomba ile ile ya kwenye korosho na butura ya kahawa Kagera, jina tu limebadilika. Kikoba cha asilimia 3, hata cha 5, ni nafuu mno. Kama hakuna kabisa, kopa gunia moja au mawili ya kununulia urea, kwa sababu urea ikiwahi inaongeza mavuno. Usikope hivyo kwa ajili ya sherehe.

*Babati:* Nimefungua mfuko baada ya wiki tatu, ndani kuna matone ya mvuke na harufu ya uvundo. Nimekosea wapi?

Yalifungwa yakiwa na maji. Mfuko huu haukaushi, unafungia hali uliyoiingiza. Mwaga yote leo kwenye turubai. Yaliyo na ukungu, yaliyosinyaa au kubadilika rangi yachambue na uyafukie. Usiwape kuku wala kuyachanganya na mazima ili kilo zitimie. Sumukuvu haitoki kwa kupika wala kwa kukoboa pekee, na iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

*Rombo:* Nikivusha Kenya bei ni nzuri zaidi. Hesabu yake ikoje?

Toa kwenye bei ya kule nauli, vibali na kipimo cha sumukuvu, kisha linganisha na bei ya mlangoni kwako. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ikafungua baada ya siku chache kwa masharti, likiwemo cheti kwamba haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Gharama ya cheti ni ile ile kwa magunia 10 au 200, kwa hiyo kwa mtu mmoja haina maana. Unganeni kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mzigo ujaze gari. Na ushuru wa mazao kisheria unamhusu mnunuzi. Asikukate kimyakimya kwenye bei.

*Kitale:* Huku gunia ni kilo 90 na rejareja ni gorogoro. Hesabu hii itafaa?

Inafaa, weka shilingi za Kenya, na kilo 90 popote gunia lilipohesabiwa kilo 100; ile 100 ya kanuni ya unyevu usiiguse. Gorogoro lipime kwa mzani mara moja likiwa limejaa kama sokoni, liandike ubavuni kwa kalamu ya wino, kisha ufuate hiyo namba hata muuzaji akisema ni kilo mbili.