Kutoka salary hadi chumvi: kufuatilia asili ya neno la Kiingereza

Kwa msomaji wa Kigoma, salary (mshahara) ni neno zuri la kujifunzia, maana njia yake inaishia kwenye chumvi, bidhaa iliyoipa Uvinza sifa.

Kwanza tenga viambishi. Kipande cha -ary ni kiambishi tamati chenye asili ya Kilatini. Kinachobaki ni sal. Kisha tafuta kamusi kubwa. Kamusi za mfukoni kwa kawaida hazielezi asili ya maneno. Kwenye kamusi kubwa utakuta vifupisho: OE ni Kiingereza cha Kale, ME Kiingereza cha Kati, OF Kifaransa cha Kale, L Kilatini. Alama ya < isome "limetoka", na nyota mbele ya neno inaonyesha kuwa umbo hilo halijakutwa kwenye maandishi. Wataalamu wamelijenga kwa kulinganisha lugha.

Sasa panda ngazi moja moja, kila moja ukiiandikia umbo, maana na lugha. Salary limetoka salarie la Kiingereza cha Kati, nalo kwenye Kifaransa kilichozungumzwa Uingereza baada ya Wanorman, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka mwaka 1066, nacho kililipata kwa Kilatini salarium, posho. Mzizi ni sal, chumvi.

Hapa ndipo wengi huteleza: wanadhani na salt (chumvi) limekopwa Kilatini. Sivyo. Salt (OE sealt) Kiingereza kililirithi, salary kililikopa. Yanakutana juu kabisa, kwenye lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, yaani lugha ya kale iliyozaa lugha nyingi za Ulaya na India.

Utajuaje kama maneno ni ndugu kweli? Usiamini kufanana, tafuta sauti zinazobadilika kwa utaratibu. Msemaji wa Kiha anaujua mchezo huu: mtu ni umuntu, kitu ni ikintu, t ya Kiswahili inakutana na nt. Vivyo hivyo s ya Kilatini mwanzoni mwa neno mara nyingi hukutana na h ya Kigiriki: sex na hex (sita), septem na hepta (saba), sal na hals. Mfano mmoja hautoshi. Tafuta angalau mitatu.

Jihadhari pia na sukari na sugar. Sukari halikutoka Kiingereza. Yote mawili yanarudi kwenye Kiarabu sukkar, kila moja kwa njia yake.

Mwisho, hadithi tamu. Utasoma kwamba askari wa Roma walilipwa chumvi. Uhusiano wa salarium na sal upo, lakini hakuna maandishi ya Kirumi yanayosema wazi kuwa mishahara ilitolewa kwa chumvi. Iandike pembeni ya daftari, na alama ya kuuliza.